Walipewa jembe, wakanyimwa kitambulisho: Je, kuvumiliwa ni sawa na kutambuliwa?

MNAMO Oktoba 2016, mamia ya Wamakonde walifunga safari kutoka Kaunti ya Kwale hadi Nairobi wakiwa na ombi moja kwa Rais wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta. Walitaka wahesabiwe kuwa Wakenya.

Hawa hawakuwa wageni waliovuka mpaka juzi. Wengi wao walizaliwa humu nchini, na baadhi hata wazazi wao walizaliwa humu. Mababu zao walitoka Msumbiji na kusini mwa Tanzania enzi za ukoloni, wakaajiriwa katika mashamba ya miwa na ya katani huko Pwani. Wengine walifuata baadaye wakivikimbia vita vya ukombozi dhidi ya Wareno, vilivyoanza mwaka wa 1964. Rais aliwapokea Ikulu, akawaomba radhi kwa jinsi Serikali ilivyochelewa, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka huo kumalizika. Tangu hapo Wamakonde hutajwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Jambo moja halikuzungumziwa sana wakati huo. Wamakonde hawakuwa wakichukiwa. Polisi waliwasumbua kila walipowakuta bila stakabadhi, ndiyo, lakini majirani zao hawakuwafukuza kijijini. Walichonga vinyago, walilima, walioa na kuozesha, walizika na kuzikwa. Kwa kifupi, walikuwa wamevumiliwa kwa zaidi ya nusu karne. Walichokosa ni kutambuliwa, na pengo lililopo baina ya mambo haya mawili ndilo ambalo wanafalsafa wa siasa wamekuwa wakibishania kwa zaidi ya miaka 30 sasa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hufundishwa shuleni kama onyo kwa mvivu anayependa kula bila kutoa jasho. Mimi huisoma pia kama nadharia ya uraia. Anayeshika jembe pamoja na wenyeji amekwisha kutoka katika ugeni, na anastahili haki za mwenye nyumba. Mmakonde alipewa jembe siku ya kwanza, wala hakungojewa siku ya tatu. Kilichokawia ni kitambulisho.

Ruhusa ya mwenye nguvu

Hebu kwanza tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili mtu huvumilia njaa, huvumilia maumivu, huvumilia maneno ya mke au mume mkali. Mvumilivu hula mbivu, twasema, na sifa zote humwendea yule anayevumilia. Hakuna anayeuliza habari za kile kinachovumiliwa. Kwa hivyo tunapohimizana majukwaani kwamba tuwavumilie wenzetu wenye mila tofauti, tumekwisha kuwaweka wenzetu hao katika fungu moja na maumivu ya jino. Lugha za Ulaya nazo hazijaepuka jambo hili, maana neno lao lilitokana na Kilatini likiwa na maana hiyohiyo ya kubeba mzigo.

Historia ya dhana hii Ulaya inathibitisha hivyo. Baada ya Wakatoliki na Waprotestanti kuchinjana kwa miaka mingi, Mfalme Henri IV wa Ufaransa alitoa amri ya Nantes mwaka wa 1598, akawaruhusu Waprotestanti waabudu kwa masharti. Mjukuu wake, Louis XIV, aliifuta amri hiyo mwaka wa 1685, na maelfu kwa maelfu ya Waprotestanti wakaihama nchi yao. Kilichotolewa kwa hisani ya babu kiliondolewa kwa kalamu ya mjukuu.

Karibu na wakati huohuo, Mwingereza John Locke, akiwa uhamishoni Uholanzi, aliandika barua yake mashuhuri kuhusu uvumilivu wa kidini. Ilichapishwa mwaka wa 1689. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba upanga wa dola hauwezi kuifikia imani iliyo moyoni. Ukimlazimisha mtu kuabudu usivyo moyo wake, utapata mnafiki wala hutapata muumini. Ni hoja nzito na bado inasimama. Hata hivyo, Locke mwenyewe aliwaacha nje watu wa aina mbili: wale ambao dini yao iliwafunga kumtii mtawala wa ng'ambo, na hapa wengi wanakubaliana kwamba aliwalenga Wakatoliki, pamoja na wasioamini Mungu, ambao alidai viapo vyao havina uzito. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowapa Waprotestanti wasiofuata kanisa la taifa uhuru wa kuabudu, lakini milango ya vyeo vya umma iliendelea kufungwa mbele yao.

Mwanafalsafa wa Kijerumani wa zama zetu, Rainer Forst, anauita uvumilivu wa namna hii uvumilivu wa ruhusa. Mwenye nguvu anamruhusu mnyonge aishi apendavyo maadamu hajitokezi mno na hadai usawa. Mnyonge naye anashukuru na kunyamaza. Kasoro yake ni kwamba aliyeruhusu anaweza kukataza kesho.

Wanubi wa Kibera wanaijua hali hiyo kuliko profesa yeyote. Mababu zao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan wakiwa askari, wakapewa ruhusa ya kukaa katika msitu uliokuwa pembezoni mwa Nairobi. Hawakupewa hati. Uhuru ulipokuja, ruhusa ile iliendelea kuwa ruhusa. Mtoto wa Kinubi alikua bila kujua iwapo atakapotimiza umri wa miaka 18 atahesabiwa Mkenya au la, kwa sababu alilazimika kupigwa msasa na kamati iliyodai stakabadhi za babu yake. Mnamo Machi 2011, Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Maslahi ya Mtoto iliamua kwamba Kenya ilizikiuka haki za watoto hao. Hatimiliki ya ekari 288 za Kibera ilitolewa kwa jamii hiyo mwezi Juni 2017, takriban karne moja baada ya askari wale kupewa mahali pa kujenga vibanda.

Kioo kilichopinda

Mtu aliyelipa jambo hili lugha yake ya kisasa ni Charles Taylor, mwanafalsafa aliyezaliwa Montreal, Canada, mwaka wa 1931, na kulelewa katika nyumba ya Kiingereza na Kifaransa. Katika insha yake ya mwaka wa 1992 kuhusu siasa za utambuzi, alidai kwamba mtu hajiumbi peke yake. Anajijua kupitia macho ya wenzake, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Kioo kikiwa kimepinda, naye hujiona amepinda. Jamii ikionyeshwa kwa vizazi kadhaa kwamba lugha yake ni ya kishenzi na mila zake ni za kuchekesha, mwishowe huanza kujidharau yenyewe. Kwa hiyo, asema Taylor, kumnyima mtu utambuzi ni zaidi ya kumkosea adabu. Ni kumdhuru.

Taylor alikiri katika insha hiyo deni lake kwa Frantz Fanon. Nasi hapa Kenya hatukuhitaji kwenda Canada kulisikia hilo. Marehemu Ngugi wa Thiong'o, aliyeaga dunia Mei 2025, alisimulia jinsi watoto wa shule za kikoloni walivyoadhibiwa na kuvishwa alama ya aibu kwa kukutwa wakizungumza Kikuyu. Msomaji aliyepitia shule za Kenya hata miaka mingi baada ya uhuru huenda anaikumbuka ile 'disk' iliyozunguka darasani, ikipitishwa kutoka kwa mkosaji mmoja hadi kwa mwingine. Pengine aliwahi kulala nayo nyumbani. Inafaa tukumbuke pia kwamba katika shule nyingi, Kiswahili chenyewe, lugha ya taifa, kilimfanya mtoto aivae siku ambazo si zake.

Nadharia ya Taylor, hata hivyo, inakutana na kizuizi inapofika kwa Wapemba wa Pwani ya Kenya, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Wapemba ni wavuvi. Wako Kilifi, Kwale, Mombasa na Lamu. Wapo waliohama kutoka kisiwa cha Pemba kabla ya uhuru, wakati ukanda wa Pwani wenyewe ulipokuwa ungali chini ya Sultani wa Zanzibar, na msafara wa mashua kutoka Pemba hadi Vanga au Shimoni haukuwa safari ya kwenda nchi nyingine. Wengine walikuja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Wengine tena walivuka mwaka wa 2001 kufuatia ghasia za baada ya uchaguzi kule kwao. Wanazungumza Kipemba, ambacho ni lahaja ya Kiswahili. Wengi wao ni Waislamu kama majirani zao. Vyombo vyao vya baharini, vyakula vyao, arusi zao na maziko yao hayamshangazi Mvumba wala Mdigo.

Basi kama kutambuliwa ni kutambuliwa kwa tofauti, Mpemba alikuwa na tofauti gani ya kutambuliwa? Karibu hakuna. Na bado kwa miongo kadhaa hakuwa na kitambulisho, na bila kitambulisho hangeweza kupata leseni ya uvuvi kwa njia halali, kusajili laini ya simu kwa jina lake, kufungua akaunti ya benki wala kununua kiwanja. Samaki alimvua yeye, lakini karatasi za biashara ziliandikwa majina ya wengine. Wapo waliojiandikisha kama Wabajuni, Wadigo au Wagiriama ili wapenye. Kinyume na Wamakonde, ambao vinyago vyao viliwafanya waonekane, Wapemba walitoweka ndani ya jirani zao.

Hili lapaswa kutufunza kwamba dola haimkatai mtu kwa sababu ya utamaduni wake peke yake. Wakati mwingine humkataa kwa sababu haina mahali pa kumwandika. Mnamo Julai 2023, Rais William Ruto alifika Kilifi na kuanza kuwakabidhi Wapemba vitambulisho, baada ya jamii hiyo kutangazwa rasmi kuwa mojawapo ya makabila ya Kenya. Idadi yao ilikadiriwa kuwa watu wapatao 7,000. Mtu aliyekuwa Mbajuni wa karatasi kwa miaka mingi alitakiwa siku ile ajitokeze na kusema yeye ni nani hasa. Taylor angelipenda tukio hilo. Mimi nilijiuliza ni wangapi waliona ni salama zaidi kubaki Wabajuni.

Mwanafalsafa mwingine wa Canada, Will Kymlicka, alijaribu mwaka wa 1995 kuweka mpangilio katika suala hili. Alitofautisha jamii asilia zilizomezwa na dola kubwa bila hiari yao, ambazo alisema zinastahili kiasi cha kujitawala, na wahamiaji waliokuja kwa hiari, ambao wanastahili nafuu za kuwawezesha kuishi na mila zao ndani ya taasisi za wote. Mpangilio huu unavutia ukiusoma ukiwa Quebec. Ukiusoma Kibera au Msambweni unaanza kuvuja. Mnubi hakuhama kwa hiari wala hakukutwa hapa. Mmakonde aliletwa na mwajiri. Mshona, ambaye wazee wake waliingia kutoka Rhodesia ya Kusini miaka ya sitini kueneza injili, hakuja kutafuta uraia. Alikuja kuhubiri, na dola mbili zikasahau kwamba yupo.

Hata hivyo, hoja ya msingi ya Kymlicka ni imara: sheria moja kwa wote haiwatendei wote sawa, maana sheria hiyo hubeba tayari utamaduni wa wengi. Sikukuu zipi ni za taifa, mapumziko ya wiki ni siku gani, mahakama inazungumza lugha ipi, haya yote huamuliwa na walio wengi bila wao kuhisi kwamba wameamua lolote. Wengi wape, husema Waswahili, na usipowapa watajipa. Wachache hawana uwezo wa kujipa. Ndiyo maana Katiba ya 2010 ilizihifadhi mahakama za kadhi katika Kifungu cha 170, kama zilivyokuwa zimehifadhiwa katika makubaliano ya Oktoba 1963 baina ya Serikali ya Kenya na ile ya Sultani wa Zanzibar. Waliopinga rasimu ile walidai kwamba dini moja inapendelewa. Kymlicka angewajibu kwamba hiyo ni haki ya kundi inayowapa wachache kile ambacho wengi tayari wanacho bila kuomba. Wapigakura walikubali, kwa takriban asilimia 67, Agosti 4, 2010, ingawa nashuku ni wachache waliokuwa wakiifikiria falsafa siku hiyo.

Darasa, hijabu na nywele

Mahali ambapo nadharia hizi hupimwa kila Januari ni lango la shule. Katika shule moja ya upili ya kutwa huko Isiolo, iliyofadhiliwa na kanisa, kulizuka mvutano kuhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu na suruali pamoja na sare. Mnamo Septemba 2016 Mahakama ya Rufaa iliwaunga mkono wasichana. Hoja yake ilikuwa ya Kymlicka mtupu, japo haikumtaja: kanuni ya sare inaonekana haina upendeleo, lakini mzigo wake unawaangukia baadhi ya watoto kuliko wengine, na huo nao ni ubaguzi, ingawa si wa moja kwa moja. Januari 2019 Mahakama ya Juu iliubatilisha uamuzi huo, zaidi kwa sababu za utaratibu wa namna madai hayo yalivyofikishwa mahakamani. Jaji mmoja alitofautiana na wenzake. Wazazi waliotarajia kupata jibu la suala lenyewe walibaki mikono mitupu.

Miezi minane baadaye, Septemba 2019, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya msichana wa imani ya Rastafari aliyekuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele zake. Mahakama ilisema nywele hizo ni sehemu ya imani yake na kwamba shule ilikiuka haki zake za kidini na za elimu. Watu wengi waliocheka walipoisikia kesi hiyo, wakiuliza iwapo Rasta nayo ni dini, walikuwa wakitoa, bila kujua, mfano halisi wa kile ambacho Taylor alikiita kutotambuliwa.

Wafaransa walichagua njia nyingine. Sheria yao ya Machi 2004 inapiga marufuku alama za kidini zinazoonekana wazi katika shule za umma, kwa hoja kwamba mbele ya Jamhuri mwanafunzi ni raia tu. Quebec, nyumbani kwa Taylor, ilipitisha mwaka wa 2019 sheria inayowakataza walimu na polisi, miongoni mwa wengine, kuvaa alama hizo kazini. Kisa cha Taylor mwenyewe ni cha kusisimua. Mwaka wa 2007 aliteuliwa kuwa mwenyekiti mwenza wa tume ya kuchunguza suala hilo, na ripoti yao ya 2008, ambayo kwa jumla iliwatetea walio wachache, ilipendekeza hata hivyo kwamba wenye mamlaka ya kulazimisha, kama majaji na polisi, wasivae alama za kidini. Februari 2017, majuma machache baada ya waumini sita kuuawa kwa risasi ndani ya msikiti jijini Quebec, alitangaza kwamba haliungi mkono tena pendekezo hilo. Alikuwa na umri wa miaka 85. Ni nadra kumwona msomi wa kiwango chake akikiri hadharani kwamba pendekezo lake lilisaidia kuwatia baadhi ya wananchi doa.

Kabila nambari ngapi?

Siasa za utambuzi zina wapinzani wenye busara, na isiwe kwamba tumewasikiliza watetezi pekee.

Wa kwanza ni Susan Moller Okin, aliyeuliza mwaka wa 1997 iwapo siasa hizi zina madhara kwa wanawake. Ukiupa utamaduni haki, alisema, kwa kawaida unawapa haki hiyo wanaume wazee wanaousemea. Kenya ilipata nafasi ya kulijibu swali hilo pale daktari mmoja alipokwenda mahakamani kupinga sheria ya 2011 inayoharamisha ukeketaji, akidai kwamba inawanyima wanawake watu wazima uhuru wa kufuata mila zao. Majaji watatu waliitupa kesi hiyo Machi 2021. Naona walifanya sawa. Mila inayoacha jeraha la kudumu mwilini mwa msichana, na inayomtenga akiikataa, haiwezi kuomba hifadhi kwa jina la hiari yake.

Wa pili ni Kwame Anthony Appiah, aliyekulia Kumasi, Ghana. Hofu yake ni kwamba utambulisho ukishatambuliwa rasmi huja na maagizo ya jinsi ya kuuishi: Mmakonde halisi lazima achonge, Mmaasai halisi lazima avae shuka. Mtu aliyetoka katika gereza la kudharauliwa hujikuta katika gereza la kusifiwa. Yeyote aliyewatazama wachezangoma wakipangwa foleni uwanja wa ndege kumlaki mgeni wa Serikali anaelewa.

Wa tatu ni Nancy Fraser, na kwangu yeye ndiye mwenye shoka kali zaidi. Anasema utambuzi usiofuatwa na mgawanyo wa mali ni heshima ya mdomoni. Mkasa wa Waogiek wa msitu wa Mau ni ushahidi. Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Waogiek ni jamii asilia na kwamba Kenya ilivunja haki zao kwa kuwaondoa msituni. Juni 2022 mahakama hiyo iliagiza walipwe fidia ya Sh157.85 milioni na warejeshewe ardhi yao. Novemba 2023 familia za Waogiek zilibomolewa nyumba na kufurushwa tena. Walikuwa wametambuliwa na mahakama ya bara zima, na usiku ule hawakuwa na paa.

Lakini pingamizi linalotugusa zaidi sisi Wakenya linatokana na kazi ya Mahmood Mamdani wa Uganda. Katika kitabu chake cha 1996 alieleza jinsi wakoloni walivyowagawa watu katika makundi mawili: raia wenye haki mijini, na raiya wa makabila vijijini, kila kabila chini ya chifu wake. Ukimsoma Mamdani kisha ukasikia maneno 'kabila la 43', moyo unashtuka. Mwaka wa 2017 Wakenya wenye asili ya Asia, ambao wana lugha na dini mbalimbali, walitangazwa kuwa kabila la 44. Mgujarati wa Kihindu, Mgoa Mkatoliki na Mwismaili wakawekwa chini ya nambari moja! Nao Waswahili, ambao wameishi katika miji ya Pwani kwa zaidi ya miaka elfu moja, bado huulizwa iwapo wao ni kabila au ni watu wazungumzao lugha tu.

Swali ni kwa nini mtu alazimike kwanza kuwa kabila ndipo awe raia. Sura ya Tatu ya Katiba, inayohusu uraia, haidai hivyo. Inazungumzia kuzaliwa na kusajiliwa. Katika utendaji, hata hivyo, afisa wa usajili, chifu na kamati ya wazee hutaka kujua wewe ni wa nani, na asiye wa yeyote huambiwa arudi kesho. Ni kinaya kikubwa. Sheria ya usajili ya mwaka wa 1915 ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kutembea na kipande ndani ya kijaluba cha chuma shingoni, na vizazi viwili vya wapigania uhuru vilikilaani kipande hicho. Wajukuu wao sasa hufunga safari hadi Ikulu kukiomba.

Mabadiliko yapo. Jamhuri Dei ya 2020 Serikali ilitangaza kuwapa uraia Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda. Januari 2020 Mahakama Kuu, katika kesi iliyowasilishwa na Wanubi pamoja na wengine, ilionya kwamba mfumo wa Huduma Namba ungeweza kuwaacha nje wasio na stakabadhi, ikaagiza pawe na sheria kamili kwanza. Na mapema mwaka wa 2025 Rais Ruto alitangaza, akiwa Kaskazini Mashariki, kwamba watu wa maeneo ya mpakani hawatapigwa tena msasa wa pekee wanapoomba vitambulisho. Wakenya wa asili ya Kisomali walikuwa wameupitia mchujo wa aina hiyo tangu ule wa 1989, ambao wengi wao hawajausahau. Waliolipinga tangazo hilo walitaja usalama, na hofu yao haistahili kubezwa. Ila mgaidi mwenye fedha amekuwa akikipata kitambulisho siku zote. Anayekwama ni bibi kizee asiye na cheti cha kuzaliwa cha baba yake.

Kilichosalia ni kile ambacho hotuba za Ikulu haziwezi kukitatua. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka wa 2011 iliwafungulia mlango watu wasio na uraia wa nchi yoyote waliokuwa wakiishi Kenya tangu Desemba 12, 1963, pamoja na vizazi vyao. Mlango huo uliwekewa muda wa miaka mitano, ukaongezwa mitatu, kisha ukafika kikomo mwaka wa 2019. Wamakonde waliingia kabla haujafungwa. Waliofuata waliingia kwa maagizo ya marais, kabila moja baada ya jingine, kila moja likisubiri zamu yake na kiongozi wa kulisemea. Katika mashamba ya majani chai ya Bonde la Ufa wangaliko watu ambao wazee wao waliletwa kutoka Rwanda na Burundi wakati wa mkoloni, na ambao hawakuwamo katika orodha ya 1,300. Wao nao walipewa kikapu cha kuchumia chai siku ile ya kwanza.